Kula vizuri ukiwa mjamzito, na kutambua ulaji uliogeuka ugonjwa: mwongozo kamili

Mimba huufunika ugonjwa wa ulaji kwa urahisi sana. Anayejitapisha husema ni kichefuchefu cha mimba, na watu humwamini. Anayekataa chakula husema harufu inamkera. Anayekula kwa siri usiku mpaka tumbo limuume husema mtoto ndiye anayetaka. Maelezo yote haya yanaingia akilini, kwa kuwa wajawazito wengi wasio na ugonjwa wowote husema maneno hayo hayo na wanasema kweli. Ndiyo maana nimeweka mambo mawili katika mwongozo mmoja: huwezi kuona kilichoharibika katika ulaji wa mjamzito kabla hujajua ulaji wake wa kawaida ukoje.

Hatua za mwanzo zinamhusu mjamzito mwenyewe. Kuanzia hatua ya 6 nazungumza pia na mume, dada, mama, rafiki na mkunga. Na kama umewahi kuugua anoreksia (kujinyima chakula kwa kuogopa kunenepa), bulimia (kula kupindukia kisha kujitapisha au kutumia njia nyingine ya kukitoa chakula) au ugonjwa mwingine wa ulaji, nakuomba uiruke hatua ya 3 yenye namba za uzito. Hesabu hiyo anaweza kukubebea mkunga wako, nawe ukabaki na kazi ya kula.

Hatua ya 1: Anza na vidonge, hata kabla ya sahani

Asidi ya foliki ndiyo ya kwanza, kwa sababu wakati wake ni mfupi. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huziba ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutunga, siku ambazo wanawake wengi hawajajua hata kama wamebeba mimba. Ukikosa kuziba vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Kiasi kinachoshauriwa ni mikrogramu 400 kila siku, tangu unapoanza kupanga mimba mpaka angalau wiki ya 12. Shirika la Afya Duniani linashauri uendelee mimba nzima, pamoja na miligramu 30 hadi 60 za madini chuma kila siku. Ikiwa uliwahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, au unatumia dawa za kifafa, mwambie daktari mapema, maana dozi yako huwa kubwa zaidi ya hiyo.

Madini chuma ndiyo yanayowashinda wengi. Mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu himoglobini, yaani kile kinachobeba oksijeni katika damu, ikishuka chini ya gramu 11 kwa desilita. Meza kidonge kwa maji au kwa maji ya chungwa, kwani vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Chai, kahawa na maziwa huzuia, hivyo viache saa moja au mbili mbali na kidonge. Vidonge vya kalsiamu pia vitenganishe na vya chuma. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni rangi ya chuma kilichobaki. Choo kikiwa kigumu au tumbo likichafuka, hamishia kidonge usiku au ukimeze na chakula kidogo, na ukiona bado kinakushinda sema kliniki wakubadilishie. Wengi huacha kimyakimya, kisha kila kipimo cha damu kinarudi chini na hakuna anayejua kwa nini.

Madini joto (ayodini) yanahitajika kwa ajili ya ubongo wa mtoto, mikrogramu 250 kwa siku. Chumvi iliyowekewa madini hayo, maziwa, mayai na samaki ndivyo vyanzo vikuu. Asiyekula nyama, mayai wala maziwa anahitaji pia vitamini B12 ya vidonge, na hilo si la kujadiliana. Kalsiamu ya vidonge hushauriwa pale ambapo chakula cha kila siku kina kalsiamu kidogo, kwa kuwa hupunguza hatari ya shinikizo la damu la mimba linaloweza kufikia kifafa cha mimba.

Hatua ya 2: Panga sahani

Usemi wa kula kwa watu wawili umewapotosha wengi. Miezi mitatu ya kwanza hakuna haja ya chakula cha ziada. Miezi mitatu ya katikati mwili unaomba takribani kalori 340 za ziada kwa siku, na miezi ya mwisho kama 450. Kalori 340 ni mayai mawili, kipande cha mkate na tunda. Basi.

Ubora ndio unaobadilika zaidi kuliko wingi. Kila mlo uwe na kitu cha kujenga mwili: mayai, samaki, nyama, maziwa, mtindi au jamii ya kunde. Mboga za majani zilizokolea rangi ziwepo kila siku. Wanga chagua ule usiokobolewa unapoupata, maana nyuzinyuzi zake hupunguza tatizo la choo kigumu. Samaki mara mbili kwa wiki humpa mtoto mafuta yanayojenga ubongo na macho. Mafuta mengine usiyafute. Mwili unayahitaji ili kufyonza baadhi ya vitamini.

Gawa chakula cha siku katika milo mitatu na vitafunwa viwili au vitatu, usikae saa nyingi bila kula. Tumbo tupu huzidisha kichefuchefu. Na kwa mtu mwenye tabia ya kula kwa kupindukia, saa nyingi za njaa ndizo zinazomsukuma kwenye ulaji ule asioweza kuusimamisha. Kati ya mashauri yote ya mwongozo huu, hili ndilo linalosaidia watu wa aina zote mbili.

Hatua ya 3: Uzito, na nini kinapima nini

Kiwango cha kuongezeka hutegemea ulivyokuwa kabla ya mimba. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Namba ikiwa chini ya 18.5, ongezeko linaloshauriwa kwa mimba ya mtoto mmoja ni kilo 12.5 hadi 18. Kati ya 18.5 na 24.9, ni kilo 11.5 hadi 16. Kati ya 25 na 29.9, ni 7 hadi 11.5. Kuanzia 30, ni 5 hadi 9. Viwango hivi vilitolewa Marekani mwaka 2009, na nchi nyingine zina vyake.

Sehemu kubwa ya kilo hizo si mafuta. Mtoto ana kama kilo 3 au zaidi, kondo la nyuma zaidi ya nusu kilo, maji ya uzazi karibu kilo moja, damu iliyoongezeka zaidi ya kilo moja, mfuko wa uzazi karibu kilo moja, tena kuna matiti na maji ya mwilini. Mtu anayeogopa kunenepa anastahili kuelezwa hesabu hii pole pole, kwa heshima.

Kujinyima ili kupungua wakati wa mimba hakushauriwi, hata kwa mwenye mwili mkubwa. Njaa iliyowakumba watu wa magharibi mwa Uholanzi majira ya baridi ya 1944 na 1945 iliacha ushahidi mchungu: wanawake walioshikwa na njaa miezi ya mwisho ya mimba walizaa watoto wepesi, na baadhi ya watoto walioipata njaa hiyo wakiwa tumboni mwa mama zao walikuja kuugua zaidi ukubwani.

Hatua ya 4: Vya kuacha

Orodha ya makatazo ya mjamzito imerefushwa kupita kiasi, na urefu huo una madhara. Aliye na mwelekeo wa kujinyima huichukua orodha kama kibali, akafuta chakula kimoja baada ya kingine, na wote humsifu kwa uangalifu wake. Vya kuacha kweli ni vichache. Pombe, kwa kuwa hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Nyama, samaki na mayai mabichi au yasiyoiva. Maziwa yasiyochemshwa na jibini laini iliyotokana nayo. Papa na samaki wakubwa wawindaji, kwa sababu ya zebaki. Maini kwa wingi na vidonge vyenye vitamini A nyingi, maana ikizidi humdhuru mtoto. Kahawa isizidi vikombe viwili vidogo. Matunda na mboga zioshwe vizuri. Kama mtu anayekuzuia chakula nje ya hivi hana sababu ya kitabibu ya kukupa wewe binafsi, kula.

Hatua ya 5: Kichefuchefu cha kawaida, na kisicho cha kawaida

Kichefuchefu cha mimba huanza mara nyingi wiki ya 6 hivi, hufikia kilele karibu na wiki ya 9, na kwa wengi huwa kimetulia kati ya wiki ya 16 na ya 20. Kula kidogo kidogo na mara kwa mara, anza na kitu kikavu kabla hujainuka kitandani, kunywa kati ya milo na si pamoja na mlo. Tangawizi huwasaidia baadhi, na vitamini B6 pia, kwa kipimo atakachokupa daktari. Ukitapika, sukutua kwa maji na usubiri angalau nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwa kuwa asidi hulegeza ganda la jino na mswaki ukalikwangua.

Ukipoteza asilimia 5 ya uzito uliokuwa nao kabla ya mimba, usipoweza kushikilia hata maji kwa siku nzima, au mkojo ukiwa mweusi na haba, huo ni ugonjwa unaohitaji hospitali. Usivumilie nyumbani.

Hatua ya 6: Kutambua ulaji uliogeuka ugonjwa

Kwanza ondoa dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba mgonjwa wa ulaji lazima awe amekonda. Anaweza kuwa na mwili wa ukubwa wowote, na wengi wenye bulimia wana uzito wa kawaida kabisa. Ya pili ni kwamba asiyeona hedhi kwa sababu ya kujinyima hawezi kupata mimba. Anaweza, kwa kuwa yai hutoka kabla ya hedhi kurudi, na wengine hushtukia mimba ikiwa na miezi kadhaa.

Kutapika ndipo penye utata zaidi. Kichefuchefu cha mimba huja saa yoyote, huchokozwa na harufu, humchosha mwenyewe, naye hutafuta dawa. Kujitapisha hufuata mlo, hasa mlo mkubwa. Mtu anaondoka mezani mara tu amalizapo, anafungulia maji chooni, na akipewa dawa ya kuzuia kutapika anakuwa na sababu ya kutoitumia. Kutapika kunakoendelea baada ya wiki ya 20, au kunakoanza wakati huo, kuchunguzwe kila mara. Sababu inaweza kuwa kujitapisha au ugonjwa mwingine kabisa. Mwilini tazama mashavu yaliyovimba chini ya masikio, meno yaliyolika upande wa ndani, na sugu au michubuko juu ya vifundo vya vidole vya mkono. Wengine hawatapiki ila hutumia dawa za kuendesha au za kukojoza.

Katika anoreksia utaona sheria. Chakula hiki hakiliwi, saa hii haivukwi, sahani hii lazima ibaki nusu. Mjamzito mwingine akikosa hamu husikitika, ila huyu hufarijika. Hupima uzito mara nyingi nyumbani lakini hukwepa mizani ya kliniki. Huuliza tumbo litakuwa kubwa kiasi gani kuliko anavyouliza mtoto anaendeleaje. Hufanya mazoezi hata akiwa hoi, na akizuiwa huchanganyikiwa. Nakuonya juu ya jambo moja: mara nyingi watu humsifia kwamba mimba haijamharibu umbo. Sifa hiyo humzamisha.

Ulaji wa kupindukia si sawa na hamu za mimba. Kutaka embe usiku wa manane ni hamu. Ugonjwa ni kula kiasi kikubwa kwa muda mfupi, haraka, bila njaa, kwa kujificha, ukihisi huwezi kusimama, kisha aibu na kujichukia. Huambatana mara nyingi na uzito kupanda kwa kasi.

Kuna pia hamu ya vitu visivyo chakula: udongo, chaki, mkaa, wanga mbichi, barafu kwa wingi. Mara nyingi huendana na upungufu wa madini chuma, kwa hiyo jibu la kwanza ni kipimo cha damu, si karipio. Udongo unaweza kuwa na madini ya risasi na mayai ya minyoo, nao huzuia chuma kufyonzwa, hivyo upungufu unazidi na hamu inazidi nayo.

Mkunga asiye na muda mwingi anaweza kutumia dodoso la SCOFF, lililochapishwa Uingereza mwaka 1999, lenye maswali matano. Je, hujitapisha kwa kuwa umeshiba hadi kuumia? Je, unahofu kwamba umeshindwa kudhibiti kiasi unachokula? Je, umepungua zaidi ya kilo 6 hivi ndani ya miezi mitatu? Je, unajiona mnene ilhali wengine wanakuona umekonda? Je, chakula kimetawala maisha yako? Majibu mawili ya ndiyo yanatosha kumpeleka kwa uchunguzi zaidi. Hayatoi hukumu. Kwa mjamzito swali la uzito huyumba kwa sababu ya kichefuchefu, kwa hiyo mimi ningeongeza moja: umewahi kuwa na shida na chakula au na umbo lako wakati wowote maishani? Historia ndiyo dalili isiyofunikwa na mimba.

Hatua ya 7: Kuzungumza naye

Chagua wakati usio wa chakula, mahali mlipo wawili tu. Sema ulichokiona, usiseme ulichokihukumu. "Nimeona unaondoka mezani kila tukimaliza kula, na unaonekana umechoka. Nina wasiwasi na wewe. Unaendeleaje?" Kisha nyamaza umsikilize. Anaweza kukana au kukasirika. Usishindane naye, mwambie tu kwamba utarudi kumuuliza, na urudi kweli.

Usiseme "fikiria mtoto". Anamfikiria usiku na mchana, na hatia hiyo ndiyo inayomfanya afiche. Usimwambie amependeza wala amenenepa. Mwili wake usiwe mada. Usimlazimishe kula mbele ya watu. Mume au dada anaweza kusaidia kwa jambo dogo lenye nguvu: kukaa naye nusu saa hadi saa moja baada ya mlo, mkizungumza mengine, mpaka msukumo wa kwenda kutapika upite. Ila iwe kwa makubaliano yake, isiwe ulinzi wa mfungwa.

Hatua ya 8: Kliniki

Mjamzito, sema wazi kwenye hudhurio la kwanza: "Nimewahi kuugua ugonjwa wa ulaji," au "Nadhani nina shida na kula." Una haki ya kuomba kupimwa uzito ukiwa umeipa mizani mgongo, na namba isitajwe kwa sauti wala isiandikwe mahali utakapoiona. Mkunga atakayekataa hajaelewa, mweleze tena au omba mwingine.

Wahudumu wapime himoglobini na chumvi za damu, hasa potasiamu. Kutapika na dawa za kuendesha huishusha, na ikishuka mapigo ya moyo huvurugika hata kwa mtu anayeonekana mzima. Mapigo ya moyo yapimwe kwa mashine, na ukuaji wa mtoto ufuatiliwe kwa karibu, kwa sababu hatari zinazojulikana ni kuharibika mimba, kuzaliwa kabla ya wakati na uzito mdogo. Tiba yenyewe hufanywa na watu kadhaa kwa pamoja: daktari wa uzazi au mkunga, mtaalamu wa lishe, na mtaalamu wa afya ya akili anayetoa tiba ya mazungumzo. Kama unatumia dawa za akili, usiziache ghafla kwa hofu ya mtoto. Uliza kwanza.

Mtaalamu wa lishe namsihi asimpe mgonjwa huyu karatasi ya kalori. Ampe ratiba ya milo: saa, na kilichomo. Malengo yawe madogo, kama kuongeza kitafunwa kimoja wiki hii.

Hatua ya 9: Dalili za kukimbilia hospitali

Kuzirai, moyo kwenda mbio au kuruka mapigo, misuli kukakamaa au kuwa dhaifu ghafla, kutapika damu, kuchanganyikiwa, kushindwa kunywa kwa siku nzima, mtoto kupunguza kucheza, damu ukeni, mawazo ya kujidhuru. Usisubiri hudhurio.

Na hili watu wa nyumbani wengi hawalijui: mtu ambaye hajala karibu chochote kwa siku tano au zaidi asilishwe kwa pupa. Chakula kingi cha ghafla hushusha fosfati na chumvi nyingine za damu, na mtu anaweza kufa wakati wote wanadhani ameanza kupona. Arudishiwe chakula hospitalini, kidogo kidogo, akipimwa damu na kupewa vitamini B1.

Hatua ya 10: Baada ya kujifungua

Wengi hupata nafuu wakati wa mimba, kisha ugonjwa hurudi mtoto akishazaliwa. Mtoto aliyekuwa tumboni, ambaye kwa ajili yake mama alijilazimisha kula, hayumo tena, usingizi hakuna, na watu wanauliza lini mwili utarudi. Hatari ya sonona baada ya kujifungua ni kubwa zaidi kwa mama huyu. Kwa hiyo pangeni mapema, kabla ya wiki ya 36: nani atampikia, nani atakula naye, lini atamwona mtaalamu, na dalili gani mmekubaliana kwamba zikionekana mume au dada ampigie mkunga simu bila kuomba ruhusa tena. Anayenyonyesha anahitaji takribani kalori 500 za ziada kwa siku katika miezi ya mwanzo, na asilazimishwe kunyonyesha wala kuacha. Hudhurio la wiki ya 6 lisiwe la kupima mtoto peke yake. Mama aulizwe anakula nini, na ni nani aliyekula naye jana.